Nodi 12 kwenye miteremko ya Bududa: mtandao wa vihisi unajipanga wenyewe kwa kiasi gani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari wilayani Bududa, mashariki mwa Uganda. Kikundi chetu cha wazazi na wakulima kimepata ufadhili wa kununua nodi 12, yaani vifaa vidogo vyenye vihisi na redio visivyotumia waya, za kupima mvua, unyevu wa udongo na kina cha mto, ili tupate onyo mapema kabla ya mafuriko na maporomoko ya udongo. Muuzaji anatuambia kwamba mtandao wake hujipanga wenyewe, na kwamba tukishazisambaza nodi hizo hatutahitaji mtaalamu tena. Je, ni kweli? Na je, zitaweza kuwasiliana kwenye milima na migomba yetu?

Jibu: Mwalimu, salamu kwako na kwa wenzako wa kikundi. Muuzaji wenu hakudanganya, lakini amewaeleza sehemu moja tu ya kazi. Kinachojipanga chenyewe katika mtandao wa namna hii ni njia ya ujumbe, yaani nodi ipi imsikilize jirani yupi, na pakiti ya data, yaani kifurushi kimoja cha ujumbe, ipitie kwa nani hadi ifike kwenye lango linaloitoa nje ya bonde. Mahali pa kusimika kila nodi, uhai wa betri, usahihi wa vipimo na mtu wa kuipokea taarifa usiku wa manane havijipangi vyenyewe, na hayo ndiyo yanayoamua kama mtandao utaufikia msimu wa pili wa mvua ukiwa bado unafanya kazi.

Nianze na sababu inayonifanya niunge mkono mpango wenu. Bududa haihitaji kuelezwa maana ya udongo unaotembea: tarehe 1 Machi 2010 mlima ulikifunika kijiji cha Nametsi, na mwezi Oktoba 2018 mto ulishuka na mawe na magogo ukapita katikati ya makazi ya Bukalasi. Mvua inayoleta maafa ya mto huweza kunyesha juu kabisa, kuelekea hifadhi ya Mlima Elgon, wakati walio chini hawajaona hata tone. Kwa hiyo kipimamvua chenye thamani kubwa kuliko vyote ni kile kilicho juu, na huko juu ndiko mtandao wa simu unakoyumba na ndiko mgongo wa mlima unakozuia nodi isionane moja kwa moja na bonde. Hapo ndipo mtandao wa kupokezana ujumbe unapostahili gharama yake.

Sasa tuone jinsi unavyojipanga. Chukua nodi moja, tuiite nodi ya 7, iliyofungwa kwenye mlingoti nyuma ya shamba la kahawa. Ikiwashwa kwa mara ya kwanza haijui lolote kuhusu majirani zake, kwa hiyo inanyamaza na kusikiliza. Lango limekuwa likitangaza kwamba lenyewe ndilo mwisho wa safari, gharama sifuri. Nodi zilizolisikia zimekokotoa gharama yao ya kulifikia na kuitangaza. Zilizozisikia hizo nazo zimefanya vivyo hivyo. Nodi ya 7 huyakusanya matangazo hayo, huongeza juu ya kila moja gharama ya kiungo chake na jirani husika, kisha humchagua mwenye jumla ndogo kuliko wote awe mzazi wake. Kuanzia hapo kila kipimo chake hukabidhiwa mzazi huyo, naye hukikabidhi kwa mzazi wake, hadi langoni. Hakuna mtu aliyechora ramani ya njia hizo, na nodi yoyote ikizimika watoto wake humtafuta mzazi mwingine bila kuamriwa. Utaratibu huu ndio uliowekwa katika itifaki ya RPL, yaani kanuni za mawasiliano ya nodi, iliyochapishwa kama kiwango cha intaneti mwaka 2012, na mitandao mingi ya biashara hutumia hiyo au binamu zake.

Gharama ninayoitaja hapa haihesabiwi kwa mita. Inahesabiwa kwa idadi ya mara ambazo pakiti inatarajiwa kurushwa hadi ipokelewe na jibu la kupokelewa lirudi. Kama pakiti 6 kati ya 10 hufika, na majibu 6 kati ya 10 hurudi, uwezekano wa zoezi zima kufaulu ni 0.36, na kwa hiyo kila ujumbe utarushwa kwa wastani mara 2.8. Kiungo kifupi ambacho pakiti 95 kati ya 100 hufika na majibu yake karibu yote hurudi kina gharama ya 1.1 hivi. Ndiyo maana nodi yenye akili itakataa kurusha moja kwa moja kwenye kiungo kirefu kilicho dhaifu na itapitia kwa jirani katikati, kwa gharama ya jumla ya 2.2. Wanafunzi wako wa kidato cha nne wanaweza kuifanya hesabu hii ubaoni, na ningependa waifanye, kwa sababu ndiyo roho ya mtandao wote.

Matangazo nayo hula umeme, kwa hiyo kuna kanuni iitwayo Trickle, iliyoelezwa mwaka 2004, inayoyapunguza kwa busara: hali ikiwa tulivu, muda kati ya tangazo na tangazo huongezeka maradufu kila mara hadi kikomo kilichowekwa; tofauti ikijitokeza, kama vile nodi mpya kuingia au gharama kubadilika ghafla, muda huo hurudi kwenye kima cha chini na habari husambaa kwa haraka. Mtandao uliotulia kwa wiki nzima huwa karibu kimya kabisa.

Lakini angalia sharti lililojificha ndani ya maelezo hayo. Nodi haiwezi kuchagua ikiwa haina zaidi ya mmoja wa kumchagua. Nodi tisa zilizopangwa kwa mstari mmoja kandokando ya mto, kila moja ikimsikia aliye mbele na aliye nyuma peke yao, ni mnyororo, na pete moja ikikatika kila kilicho nyuma yake kimepotea, hata kama programu iliyomo ni bora kuliko zote duniani. Uwezo wa kujipanga unatokana na wingi wa majirani. Kanuni ninayowashauri ni kwamba kila nodi iwe na wazazi wasiopungua wawili wanaofaa, na mahali ambapo hilo halipatikani muongeze nodi ya kupokezana tu, isiyo na kihisi chochote, kwenye kingo inayoona pande mbili.

Kuhusu migomba, una haki ya kuwa na wasiwasi. Mvua yenyewe ikiwa hewani haiyazuii sana mawimbi ya masafa yanayotumiwa na nodi hizi. Majani mapana yaliyolowa ndiyo yanayoyameza. Masafa ya gigahezi 2.4, ambayo nodi nyingi za bei nafuu huyatumia, huumia zaidi ndani ya mimea kuliko yale yaliyo chini ya gigahezi 1, kwa hiyo kama mna hiari chagueni haya ya pili. Tena, kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi iliyo wazi kuzunguka mstari wa kuonana, na katikati ya kiungo cha kilomita moja kwa masafa ya megahezi 868 nusu kipenyo cha nafasi hiyo ni mita 9 hivi. Antena iliyofungwa urefu wa mtu katikati ya shamba haiwezi kuipata nafasi hiyo. Ipandisheni juu ya mlingoti, juu ya vilele vya migomba, na mkumbuke kwamba migomba na mikaratusi hukua: kiungo kilichopimwa Januari shamba likiwa limekatiwa si kiungo kile kile mwezi Mei. Kipimo cha kweli hufanywa asubuhi baada ya mvua ya usiku, majani yakiwa bado yanadondosha maji.

Hapa niseme jambo ambalo pengine muuzaji wenu hatalipenda. Kabla ya kukubali mtandao wa kupokezana, pandeni kwenye mgongo wa mlima unaoliona bonde na mjaribu redio ya aina ya LoRa, inayofika mbali kwa umeme kidogo, kutoka kila mahali mnapokusudia kuweka kihisi. Ikiwa nodi nyingi zinalifikia lango lililo pale juu kwa mruko mmoja, mpangilio wa nyota, ambamo kila nodi hurusha moja kwa moja kwenye lango, utakuwa rahisi kuutunza na rahisi kuuelewa unapoharibika, na nodi za kupokezana zitahitajika kwa zile mbili au tatu zilizojificha nyuma ya mwamba. Gharama yake ni muda: LoRa ikiwekwa kwenye mpangilio wa kufika mbali zaidi, ujumbe mfupi huchukua zaidi ya sekunde moja hewani, kwa hiyo hamwezi kurusha kila sekunde chache. Kwa mvua na kina cha mto hilo si tatizo. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, unaopima vumbi na moshi katika hewa ya Kampala na miji mingine, huutumia mtandao wa simu kurusha data zake, nao ni uamuzi sahihi kwa mji wenye minara kila upande. Bonde lenu si mji, lakini hoja ni ile ile: ardhi ndiyo inayochagua mpangilio.

Tuje kwenye umeme, ambao ndio mzigo mkubwa. Watu hudhani kwamba nodi hutumia nguvu inaporusha. Katika redio ndogo za aina hii kusikiliza hula umeme karibu sawa na kurusha, na nodi isiyolala husikiliza saa zote. Redio inayovuta miliampea 20 ikiwa wazi muda wote huimaliza betri ya miliampea-saa 2,600 kwa saa 130, yaani siku tano na kidogo. Redio hiyo hiyo ikiwa macho kwa asilimia 1 ya muda, na ikilala vizuri muda uliobaki, inaweza kwenda zaidi ya mwaka kwa betri hiyo hiyo, tukiacha pembeni umeme wa kihisi chenyewe. Ugumu ni kwamba nodi mbili zinazolala lazima ziamke kwa wakati mmoja. Saa za ndani huachana: kosa la sehemu 20 kwa milioni, ambalo ni la kawaida, ni sekunde 1.7 kwa siku, na nodi mbili zikikosea kwa pande zinazopingana zinaachana kwa sekunde 3 na nusu. Kwa hiyo huoanisha saa zao kila mara zinapobadilishana pakiti, na nodi iliyokaa siku kadhaa bila kusikika itahitaji kusikiliza kwa muda mrefu, kwa gharama kubwa ya betri, kabla ya kurudi kundini.

Kuna dhuluma nyingine ndani ya mtandao wa kupokezana. Katika mnyororo wa nodi kumi, iliyo mbali zaidi hurusha ujumbe mmoja kila mzunguko, na iliyo karibu na lango hurusha kumi, wake na wa wenzake wote. Hiyo ndiyo itakayokufa kwanza, na ikifa huenda na wote walio nyuma. Msiwape wote betri sawa na paneli sawa za sola. Walio karibu na lango wapewe kubwa zaidi. Na paneli zihesabiwe kwa siku za ukungu mfululizo za msimu wa mvua, maana siku ambazo jua halionekani ndizo ambazo mtandao huu umenunuliwa kwa ajili yake.

Lango lenyewe lastahili uangalifu kuliko nodi yoyote. Mwaka 2005 watafiti wa Harvard na wenzao waliweka nodi 16 kwenye volkano ya Reventador huko Ecuador, kwa mpangilio uliotambaa kilomita 3, wakafanya kazi kwa siku 19. Mtandao wa redio ulistahimili vizuri mno, lakini sehemu kubwa ya muda uliopotea ilitokana na umeme kukatika kwenye kituo cha kupokelea na hitilafu ya programu iliyozisimamisha nodi zote kwa pamoja. Lango lenu basi liwe na betri yake, paneli yake, fimbo ya radi iliyozamishwa ardhini ipasavyo, na laini za kampuni mbili tofauti za simu. Bando la intaneti liwe na mtu mmoja mwenye jina anayelilipia.

Kisha kila nodi iwe na kumbukumbu ya kuhifadhi vipimo vyake hadi ipate jibu kwamba vimepokelewa. Jirani zetu wa Kenya waliliona hili kwa uzuri mwaka 2004 pale Mpala, Laikipia, ambapo watafiti wa Princeton waliwavisha pundamilia mikanda yenye redio: mnyama alipokutana na mwenziwe mikanda ilibadilishana kumbukumbu, ili mtafiti akimpata mmoja apate habari za wengi. Nodi zenu hazitembei, lakini kanuni ya kuhifadhi na kupeleka baadaye itawaokolea kumbukumbu za mvua siku lango litakapozimika.

Sasa vihisi, Mwalimu, ambavyo hakuna itifaki inayoweza kuvisahihisha. Kipimamvua cha kikombe kinachopinduka huhesabu kila mpinduko, kwa kawaida milimita 0.2 za mvua. Jani moja la mkaratusi au utando wa buibui kwenye tundu la faneli unatosha kuyazuia maji yasishuke, na nodi, ikiwa na afya kamili na njia bora kabisa, itaripoti kwa uaminifu kwamba hapakunyesha. Sifuri ya namna hiyo ni hatari kuliko ukimya, kwa sababu ukimya humtia mtu wasiwasi akaenda kuangalia. Kipima kina kinachotumia mwangwi wa sauti nacho hudanganywa na joto: hewa ikibadilika kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mwendo wa sauti hubadilika kwa karibu asilimia 1.8, na kwa umbali wa mita 4 kutoka darajani hadi majini hilo ni kosa la sentimita 7. Mahali ambapo usiku ni baridi na mchana ni joto kama kwenu, bila kihisi cha joto kando yake mto utaonekana kama unapanda na kushuka kila siku ilhali umetulia.

Unyevu nao hupenya. Katika kisiwa cha Great Duck, pwani ya Maine nchini Marekani, ambako nodi 32 ziliwekwa mwaka 2002 kuchunguza viota vya ndege wa baharini, watafiti waligundua kwamba vihisi vya unyevu vilivyoanza kutoa namba zisizowezekana vilikuwa dalili kwamba maji yameingia na kwamba nodi ingekufa karibuni. Ombeni kila nodi itume, pamoja na vipimo, volti ya betri na unyevu wa ndani ya kasha lake. Ni baiti chache tu, nazo huwapa siku kadhaa za kujiandaa.

Dawa ya sifuri ya uongo mnayo tayari shuleni. Wekeni kipimamvua cha kawaida cha kusomwa kwa mkono kando ya nodi moja, wanafunzi wakisome kila siku saa tatu asubuhi, na walinganishe. Nodi mbili za jirani zikitofautiana kwa muda mrefu, mtu apande akaangalie faneli.

Lazima pia niwe wazi kuhusu maporomoko. Mtandao huu unaweza kuwaambia ni mvua kiasi gani imejikusanya kwa siku tatu au nne na kwamba udongo wa mteremko fulani umeshiba maji. Hauwezi kuwaambia saa ambayo mteremko utaachia, na yeyote anayeahidi hivyo msimwamini. Kwa mto hali ni bora: nodi iliyo juu ikiona kina kinapanda kwa kasi, walio chini wanapata dakika za kukimbia, na dakika hizo zinaokoa watoto. Viwango vya kutoa onyo viwekwe pamoja na Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda na kamati ya maafa ya wilaya, na vibadilishwe kadiri kumbukumbu zenu zinavyoongezeka. Kabla ya kuwasha chochote, ulizeni Tume ya Mawasiliano ya Uganda kuhusu masafa yanayoruhusiwa na kibali cha vifaa vyenyewe. Wataalamu mnao karibu pia, kwani mradi wa WIMEA-ICT uliowashirikisha Makerere, Dar es Salaam, Juba na Bergen ya Norwe ulishughulikia vituo vya hali ya hewa vyenye nodi zisizotumia waya kwa mazingira yetu haya haya.

Kwa fedha mliyonayo, ningesimika nodi 9 na kuziweka 3 kama akiba: vipimamvua vitatu juu, vipima kina viwili mtoni, nodi mbili za unyevu wa udongo kwenye miteremko iliyo juu ya makazi, na mbili za kupokezana tu. Tengeni pia posho ya vijana wawili watakaozitembelea kila mwezi wakiwa na brashi, bisibisi na daftari, na waliomo mashambani washirikishwe tangu siku ya kuchimba shimo la mlingoti, kwa sababu paneli ya sola ambayo jirani haijui kazi yake haikai muda mrefu.

Kabla ya kumlipa muuzaji, mwambieni ajibu kwa maandishi mambo matatu: kama mtaweza kuona wenyewe kila nodi imemchagua mzazi gani na kwa gharama ipi, kama nodi huhifadhi vipimo lango linapozimika, na kwa siku ngapi, na kama betri zake zinapatikana madukani Mbale au lazima ziagizwe kwake. Akishindwa kujibu hata la kwanza, tafuteni mwingine kabla mvua za Machi hazijaanza.